Dada, andika barua mapema: likizo ya uzazi Tanzania

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa kiwandani Dar es Salaam, na wajawazito wengi hunijia mwezi wa nane wa mimba, wakati barua ilitakiwa ofisini zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inataka umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Toa nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, uondoke nayo mkononi. Usikubali "tutakuletea kesho".

Likizo ni siku 84 zenye malipo, 100 ukipata mapacha. Unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe yako.

Kinachosahaulika ni saa za kunyonyesha. Ukirudi kazini unaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Anayeishi mbali, tuseme Mbagala, hawezi kukimbia nyumbani mchana na foleni ile akarudi. Kwa hiyo zungumza na msimamizi utoke saa nane badala ya saa kumi, na makubaliano hayo yaandikwe. Msimamizi akihamishwa, maneno matupu huhama naye.

Baba ana siku 3 za kulipwa, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Chache mno kwa maoni yangu, hata vitenge havijakauka kambani. Aongezee siku za likizo yake ya mwaka, ila aziombe kabla.