Jirani akipuliza dawa ovyo, wadudu wanahamia kwako: mafunzo ya wakulima wa mpunga wa Asia

Mwaka 1986, mdudu akiwa anateketeza mpunga katika kisiwa cha Java, serikali ya Indonesia ilichukua hatua ambayo wengi waliiogopa: ilipiga marufuku viuatilifu 57, yaani dawa za wadudu, visitumike tena kwenye mpunga. Miaka miwili tu kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa imefikia kujitosheleza kwa mchele, kwa hiyo kulikuwa na mengi ya kupoteza. Lakini mavuno hayakuanguka. Ruzuku ya dawa nayo, ambayo ilikuwa ikilipia sehemu kubwa ya bei, ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaondolewa kabisa mwaka 1989, na mchele uliendelea kupatikana.

Mdudu mwenyewe Waindonesia humwita wereng. Ana rangi ya kahawia, ni mdogo kuliko punje ya mchele, na hukaa chini kabisa kwenye shina, karibu na maji, akifyonza utomvu. Wakiwa wengi, shamba hutoka mabaka ya duara yaliyokauka kana kwamba moto umepita. Hueneza pia virusi vinavyodumaza mpunga. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na huyaficha ndani ya ala ya jani ambako dawa nyingi haziyafikii.

Sasa fuatilia kinachotokea mkulima anapobeba bomba la dawa. Wereng wakubwa wanakufa. Buibui nao wanakufa, pamoja na wadudu wadogo wanaokula mayai ya wereng. Mayai yenyewe yanabaki salama, na baada ya siku chache yanaanguliwa katika shamba lisilo na mlinzi hata mmoja. Mkulima anaona wadudu wamerudi, anapuliza tena, na hali inazidi kuwa mbaya. Mtaalamu wa wadudu Peter Kenmore na wenzake walilionyesha hili wazi nchini Ufilipino: majaruba (vipande vya shamba la mpunga) yaliyopulizwa yalipata wereng wengi kuliko yale yaliyoachwa bila dawa.

Hilo lilikuwa gumu kwa wakulima kulikubali kwa kuambiwa tu, na hapo ndipo shamba darasa, yaani mafunzo ya wakulima yanayofanyika shambani, lilipozaliwa. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, likasambaa Vietnam, Ufilipino, Bangladesh na kwingineko, na wakulima zaidi ya milioni moja wa Asia wakapita humo. Kwetu Afrika Mashariki lilifika katika miaka ya 1990. Kwa hiyo afisa ugani wa Kenya au Tanzania anapokusanya watu chini ya mti na kuwapeleka shambani, anatumia njia iliyotoka kwenye majaruba ya Java.

Nieleze lilivyofanya kazi, maana siku hizi mashamba darasa mengi yamegeuka kuwa kipande cha maonyesho chenye bango la muuza mbegu na hotuba ndefu, na jambo hilo linanisikitisha. Kikundi cha watu kama 25 kilikutana asubuhi, mara moja kwa wiki, msimu mzima. Kiligawanyika katika makundi madogo, kila kundi likaingia jarubani na kuchagua mashina kumi kutoka sehemu mbalimbali. Walihesabu wadudu waharibifu, wakahesabu wadudu rafiki, wakaangalia machipukizi, maji, magugu na rangi ya majani. Kisha walichora yote kwenye karatasi kubwa: mpunga katikati, waharibifu upande mmoja, rafiki upande wa pili. Baada ya hapo walibishana, wakaamua wenyewe la kufanya wiki hiyo.

Kulikuwa pia na jaribio ambalo ningependa kila kikundi cha mpunga kilifanye. Chukua chombo kinachoonyesha ndani, weka mche wa mpunga, tia wadudu kadhaa uliowakuta shambani pamoja na buibui mmoja, kisha funga mdomo kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Kesho yake hesabu waliobaki. Mkulima akishaona buibui anakula kwa macho yake mwenyewe, hatapuliza tena bila kufikiri.

Vietnam waliendelea mbele zaidi. Katika miaka ya 1990, kwenye delta ya mto Mekong, wakulima walikuwa wakipuliza mapema sana kwa kuogopa viwavi wanaokunja majani. Mpunga mchanga una uwezo mkubwa wa kufidia majani yaliyoliwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa hiyo ilikuwa hasara. Wataalamu wakiongozwa na K. L. Heong wa taasisi ya mpunga ya IRRI waliwaomba wakulima wajaribu wenyewe: tenga kipande cha shamba, usikipulize dawa ya wadudu kwa siku 40 tangu kusia, halafu linganisha mavuno. Ujumbe ukasambazwa kwa michezo mifupi ya redio. Palipofikiwa na kampeni hiyo, kupuliza kulishuka kutoka zaidi ya mara 3 kwa msimu hadi karibu mara moja na nusu.

Naomba usiichukue siku 40 kama amri. Wereng huyu ni mdudu wa Asia na Pasifiki. Sisi tuna vipekecha shina, na tuna kimyanga, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbawakawa na pia kwa mikono na zana zetu. Kimyanga hauna dawa ya kuutibu. Mpunga ulioambukizwa hung'olewa na kufukiwa, mabaki na magugu yanayohifadhi virusi huondolewa, na zana huoshwa kabla ya kuingia jaruba jingine. Kinachofaa kuigwa ni ile njia ya kujaribu: acha jaruba moja bila dawa, lichunguze kila wiki, na wakati wa kuvuna pima mavuno yake kando na ya mengine.

Mbolea nayo ina sehemu yake. Urea nyingi kwa mkupuo mmoja hufanya mpunga uwe laini na wenye majani ya kijani kibichi, na wadudu wafyonzao huzaana haraka juu yake. Igawe: sehemu wakati wa kutoa machipukizi, sehemu mpunga unapoanza kutunga mimba.

Kingo za majaruba zisikwanguliwe zikabaki udongo mtupu. Katika majaribio yaliyofanywa China, Thailand na Vietnam kwa miaka minne, yakachapishwa mwaka 2016, kingo zilipandwa mimea yenye maua, ukiwemo ufuta. Nyigu wadogo wanaoshambulia mayai ya wadudu waharibifu walipata chakula hapo. Upulizaji ulipungua kwa asilimia 70, na mavuno yakaongezeka kwa asilimia 5. Ufuta tunao, tena unauzwa.

Lakini hata mkulima hodari hawezi kushinda peke yake. Wereng hawawezi kuvumilia baridi ya Japani, hufa wote. Kila mwaka, karibu mwezi Juni na Julai, wapya huletwa na upepo kutoka kusini mwa China, ambako nao hufika wakitoka pande za kaskazini mwa Vietnam. Dawa ya wadudu iitwayo imidacloprid ilipotumika kupita kiasi, wadudu sugu waliibuka katika nchi hizo na kuruka hadi kwa majirani. Ndiyo maana watafiti wa nchi hizi hubadilishana taarifa, na Japani hutumia mifumo ya utabiri wa hali ya hewa kukisia siku wadudu watakapotua. Sisi tuliopigwa na nzige wa jangwani mwaka 2020 tunaelewa kwamba mdudu hasimamishwi na kituo cha forodha.

Mwaka 2006 delta ya Mekong ilishambuliwa vibaya na wereng pamoja na virusi vyao. Jibu lilikuwa kusia kwa pamoja. Mitego ya taa iliwekwa usiku kuhesabu wadudu wanaoruka, na kilele kilipopita, eneo zima likasia katika siku chache, ili miche michanga isikutane na wimbi la wadudu.

Kwenye skimu zetu, iwe Mwea au Mbarali, jambo hili linawezekana bila fedha ya mfadhili. Chama cha wamwagiliaji kiitishe kikao kabla ya vitalu kusiwa, kipange zamu za maji zitakazoruhusu kila kanda kupandikiza ndani ya wiki mbili, na kikubaliane tarehe ya mwisho ya kulima mabua na kuondoa maotea (mpunga unaojiotea wenyewe) baada ya mavuno. Katika kikao hicho hicho wachaguliwe watu wawili kutoka kila kanda wa kupita mashambani kila wiki na daftari. Asiruhusiwe mtu kununua dawa ya wadudu kwa niaba ya kanda kabla daftari hilo halijasomwa mbele ya wenzake.