Namna Vyuo vya Iringa na Mbeya Vinavyoweza Kutunza Mazingira kwa Pamoja

Anzeni na jambo moja linalopimika, kama vile kuni za jikoni, kabla ya kuandika hati ya makubaliano. Kila chuo, kiwe Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kipime kwa mizani kuni zinazoivisha sufuria moja ya maharage, kisha wapishi wenyewe, ambao kwa maoni yangu ndio wataalamu wa kwanza, watembeleane na kulinganisha majiko. Mnapopanda miti kwenye vyanzo vinavyolisha Mto Ruaha Mkuu, epukeni mikaratusi, kwa kuwa hunyonya maji mengi. Waratibu wapeane takwimu kila muhula, hata zinapoonyesha kwamba matumizi ya kuni yamepanda.