Jinsi ya kuchagua ufukwe wa kukaa miezi kadhaa Unguja

Kazi yangu ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga karibu na bahari hapa Unguja. Wanaonipigia siku hizi si watalii wa wiki moja tu. Wapo vijana wa Nairobi na Dar wanaofanya kazi kwa kompyuta, wapo wastaafu, na wapo ndugu zetu wa Oman na Uingereza wanaotaka kukaa nyumbani msimu mzima. Wengi hunitumia picha ya ufukwe na kuuliza, "Hapa bei gani?" Mimi huwauliza kwanza: unakuja mwezi gani, unaondoka mwezi gani?

Hatua ya 1: Panga miezi, ndipo uchague upande wa kisiwa

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi karibu na Machi, na ndiyo miezi ya joto kali. Masika hufuata, Machi mwishoni hadi Mei. Juni hadi Septemba ni kusi: kuna ubaridi kidogo, mvua chache na upepo mwingi. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Disemba, na katikati ya mabadiliko hayo kuna siku ambapo bahari hutulia kabisa.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, huukabili upepo wa kusi uso kwa uso. Ndiyo maana wanaoteleza baharini kwa kuvutwa na tiara hujazana Paje. Ila anayetaka kufanya kazi barazani atashika karatasi kwa mikono miwili, na chumvi itaingia kwenye kompyuta. Kama miezi yako ni ya kusi na unataka maji tulivu, tazama Kendwa, upande wa magharibi wa Nungwi, au ukitaka kuwa karibu na mji, Bububu na Fumba. Kwenye kaskazi mambo hugeuka: Matemwe na Kiwengwa ndizo hupigwa na upepo, na Kizimkazi huwa na kinga.

Mtu akiniambia anakuja Februari na kuondoka Agosti, namshauri apange nyumba mbili pande mbili, kila moja kwa msimu wake. Usumbufu wa kuhama mara moja ni mdogo kuliko miezi mitatu ya kufunga madirisha.

Hatua ya 2: Jua maji yanakwenda wapi

Hapa ndipo picha zinapodanganya. Karibu zote hupigwa maji yamejaa. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kwa kuwa pwani ya mashariki ina kina kifupi hadi mwambani, bahari huondoka kabisa mbele ya nyumba yako. Kuogelea hakuna, utatembea juu ya mchanga, majani na mawe. Vaa makubazi, maana kuna wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi.

Saa zake zinatabirika. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu: saa zimegeuka, lakini tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa hiyo mtu anayemaliza kazi saa kumi jioni anaweza kuishi Jambiani kwa raha, kwa sababu bamvua itamletea maji mlangoni akitoka kazini. Anayetaka kuogelea kila asubuhi kabla ya chai atanuna nusu ya mwezi. Huyo aende Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali. Atalipia zaidi, na muziki wa mahoteli atausikia hadi usiku.

Jambo moja zaidi kuhusu mashariki. Vijiti na kamba utakavyoviona maji yakipwa ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza hapa mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Usikatize katikati yake. Wale ndio jirani zako kwa miezi yote hiyo.

Hatua ya 3: Kagua nyumba kuanzia mfereji

Maeneo mengi ya mashariki ni uwanda: jiwe la matumbawe lenye udongo kidogo, na visima vyake huwa na maji ya chumvi. Fungua mfereji, onja, kisha nawa kwa sabuni. Ikikataa kutoa povu, umepata jibu. Uliza maji ya kunywa na kupikia yanatoka wapi, tangi lina ukubwa gani, na boza, yaani gari la maji, likiletwa nani analipa. Hili la mwisho liandikwe. Nimeona ugomvi mwingi wa boza kuliko wa kodi.

Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika kwa takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 kwa takriban miezi mitatu. Waya mkubwa zaidi uliwekwa mwaka 2013, na kukatika kwa siku hizi ni kwa muda mfupi. Hata hivyo, umeme ukikatika pampu husimama, na pampu ikisimama maji huisha. Uliza kama kuna sola au jenereta. Hakikisha mita ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Ukichangia na jirani mwenye kiyoyozi, utamlipia usingizi wake.

Intaneti usiambiwe, ipime mwenyewe. Ipime saa mbili usiku, chumbani utakamofanyia kazi, kwa kupiga simu ya video.

Hatua ya 4: Njia, hospitali na Ramadhani

Paje hadi mjini ni kama kilomita 50, na daladala huadimika jioni. Hospitali kubwa, Mnazi Mmoja, iko mjini. Mwenye presha, sukari au mtoto mchanga asiende mbali bila usafiri wa uhakika.

Tazama pia Ramadhani inaangukia lini. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, katikati ya kaskazi. Vijijini migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo upate nyumba yenye jiko linalofanya kazi. Futari za majirani zitakuja zenyewe.

Hatua ya 5: Lala kwanza, lipa baadaye

Panga chumba cha wageni kijiji hicho hicho kwa siku chache, hasa siku za bamvua. Utajua disko liko wapi, utasikia mbwa, utaona maji yakiondoka.

Dalali kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo. Omba kulipa mitatu mitatu. Usitoe pesa kabla ya kwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo: yeye ndiye anayejua kama anayekukodishia ndiye mwenye nyumba, au ni mmoja wa warithi saba.

Mkataba ujaribu kuuanza Aprili au Mei. Watu huikimbia masika, na mahoteli mengine hufunga. Lakini mwenye nyumba anayekataa bei ya kila mwezi ifikapo Julai, kwa kuwa anakodisha kwa siku, wakati huo atakaa chini mzungumze. Na dari likivuja utaliona kabla hujasaini.