Jinsi ya kuomba hadhi ya ukimbizi ukiwa Nakuru

Kumbuka kwanza tarehe uliyovuka mpaka, iwe ulipitia Busia, Malaba au njia ya panya. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inakupa siku 30 kujitokeza na kusema unaomba hifadhi. Kuingia bila pasipoti hakukunyimi haki hiyo. Kama siku zimekupita, tafadhali usijifiche mitaani Nakuru, kama Kaptembwo au Rhonda. Nenda ueleze kilichokuchelewesha.

Wanaokusajili ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, iliyo na ofisi Nairobi na kwenye kambi za Kakuma na Dadaab. Kabla ya kupanda gari la Kitale kuelekea Kakuma, ripoti kwanza kwa ofisi ya serikali iliyo karibu na uombe barua ya safari, maana njiani kuna vizuizi vya polisi.

Nendeni familia nzima. Mtapigwa picha, mtachukuliwa alama za vidole na za mboni za macho. Karatasi ya usajili ikitoka, isome pale pale dirishani. Mama mmoja wa Kivu niliyemsindikiza aliifuata kwa kidole, herufi moja moja, akakuta jina la mwanawe limekosewa. Lilirekebishwa kabla hatujaondoka.

Kazi kubwa ni mahojiano. Sheria inamlinda anayeandamwa kwa kabila, dini, uraia, siasa au kundi lake, na pia aliyekimbia vita au vurugu zilizovuruga usalama wa kwao. Kwa hiyo aliyetoroka mapigano hana haja ya kununua hadithi kwa broka. Simulia yako, kwa mpangilio wa uliyoyaona. Omba mkalimani hata kama Kiswahili unakijua: mama yule alianza kwa Kiswahili vizuri, akafika usiku wa kukimbia, akanyamaza. Alipoletewa mkalimani wa Kinande, lugha ya kwao, maneno yakamtoka na machozi pamoja.

Hakuna ada katika hatua yoyote. Anayekudai pesa anakuibia.

Ukikataliwa, una siku 30 za kukata rufaa kwa Kamati ya Rufaa, na baada yake kuna Mahakama Kuu. Rufaa ikiendelea, una haki ya kubaki Kenya.

Piga kopi za kila karatasi. Moja mwachie jirani unayemwamini, na pasi ya mwomba hifadhi, yaani kibali unachokaa nacho ukisubiri uamuzi, uihuishe kabla tarehe yake haijaisha.