Kabla ya kumpeleka kliniki mtu mwenye ugonjwa wa akili na uraibu kwa pamoja

Piga simu kwanza, uulize: hapo kwenu yote mawili yanatibiwa kwa wakati mmoja, na timu moja? Wakikujibu "aache pombe kwanza ndipo aje kwa daktari wa akili," uliza ni nani atakayemsimamia katika kipindi hicho. Wengi hupotelea hapo hapo. Kituo cha uraibu kinamkataa kwa kuwa anasikia sauti, kliniki ya akili inamrudisha kwa kuwa ananuka pombe.

Msimkatishe pombe ghafla nyumbani ili afike akiwa hajalewa. Anayekunywa sana kila siku akiacha mara moja huweza kuanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, akapata degedege ndani ya saa 48, na kati ya siku ya 2 na ya 4 akaanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, mwili ukichemka jasho. Hali hiyo huua, na ndugu huidhania kuwa ni ugonjwa wa akili tu umepanda. Mpelekeni hospitali mara moja. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu nazo hazikatwi ghafla. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, humtesa mtu, lakini hatari kubwa huja baadaye: akikaa wiki chache bila unga, kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, ikipatikana, iwepo nyumbani, na anayeishi naye awe ameshafundishwa kuitumia.

Dawa zote zibebwe na paketi zake, maana "kile cheupe cha usiku" hakimsaidii daktari. Kama huchomwa sindano ya dawa ya akili, andika na tarehe ya ile ya mwisho. Kabamazepini (dawa ya kifafa) na rifampisini (ya kifua kikuu) hupunguza nguvu ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, kwa hiyo arosto hurudi ilhali dozi haijabadilika, na mgonjwa huonekana msumbufu. Diazepamu au pombe juu ya methadoni hudidimiza pumzi.

Ukiweza kuandika jambo moja tu la historia, andika hili: je, amewahi kukaa mwezi au zaidi bila kutumia chochote, na sauti au huzuni viliendelea? Hilo humsaidia daktari kutenganisha ugonjwa wenyewe na athari za kilevi. Ongeza kifafa, ini, ujauzito, kifua kikuu na majaribio ya kujiua, kama yapo.

Kubaliana naye mapema nani aingie naye chumbani na nini kisisemwe. Akishtukizwa humo, safari ya pili hamtaipata. Methadoni kwa kawaida hunywewa kituoni kila siku mwanzoni, basi nauli na ruhusa ya kazini vipangwe kwa wiki kadhaa, si kwa siku moja. Uliza pia wanafanyaje mtu akiteleza na kutumia tena: wanapitia upya matibabu yake au wanamfukuza?