Somo: Kwenda kula Richmond, Kanada, na kurudi Seattle siku hiyohiyo wakati wa baridi

Wakuu, somo hili ni la walioko Seattle, Kent, Tukwila na jirani, wanaotaka kuvuka mpaka wakale dim sum (vitafunwa vidogo vidogo vya Kichina, vingi vya kupikwa kwa mvuke vikapuni) Richmond, British Columbia, na usiku walale kwao. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Richmond wana asili ya Kichina, kwa hiyo mpishi wa pale anapikia watu wanaojua chakula hicho tangu utotoni. Akilegeza mkono, wanahamia mlango wa pili. Na baridi ndiyo msimu wake hasa, maana ni chakula cha mvuke na chai ya moto.

Hatua ya 1: Hati. Safari nyingi hufia hapa. Raia wa Marekani abebe pasipoti, kadi ya pasipoti, au ile leseni maalumu ya Washington ya kuvukia mpaka (EDL). Leseni ya kawaida haitoshi. Mwenye kadi ya kijani abebe kadi yake pamoja na pasipoti ya nchi yake ambayo haijaisha muda. Tangu Aprili 2022 kadi peke yake haikubaliki kuingilia Kanada. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu asitoke: akivuka bila kibali cha kurudi, ombi lake huhesabiwa limeachwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na barua ya ruhusa kutoka kwa mwenzake, yenye namba ya simu.

Kagua gari usiku kabla ya safari. Toa bunduki. Toa bangi yote, hata ile ya kutafuna. Ni halali Washington na halali British Columbia, lakini kuipitisha mpakani ni kosa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuendesha amelewa anaweza kurudishwa, hata kama ni zamani.

Hatua ya 2: Siku. Bora katikati ya wiki. Ikibidi iwe Jumamosi, ondoka saa 12 na nusu alfajiri. Epuka wikiendi ya Jumatatu ya tatu ya Februari: ni sikukuu pande zote mbili, Presidents' Day huku na Family Day kule, na foleni ya mpakani huwa ndefu kwenda na kurudi. Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya Januari 21 na Februari 20, mji hupendeza sana, ila bila kuweka nafasi utasimama mlangoni na njaa yako.

Hatua ya 3: Njia. Shika barabara kuu ya I-5 kaskazini, kama maili 110 hadi Blaine. Jaza mafuta Bellingham au Ferndale, kwa sababu upande wa pili petroli ina kodi kubwa. Soma vibao vya muda wa kusubiri mpakani kabla ya kuchagua: njia ya kutokea namba 275 inakupeleka kituo cha Pacific Highway, na ukinyoosha I-5 unafika Peace Arch. Namba 276 ndiyo ya mwisho. Ukiipita umeshaingia foleni ya Kanada. Mbele ni barabara ya 99, na vibao sasa ni vya kilomita: 100 ni kama maili 62. Utapita chini ya mto Fraser kwa handaki la Massey, kisha utoke Westminster Highway kuelekea No. 3 Road.

Hatua ya 4: Meza. Keti kabla ya saa 4 na nusu. Jikoni ndipo kumechangamka na vikapu havikai. Utapewa karatasi ya kutia alama na kalamu. Watu wanne waanze na sahani tano, wale, kisha waagize nyingine nne. Kosa kubwa ni kuagiza zote kwa pamoja: cheung fun, ile mikunjo ya unga wa mchele, hukakamaa ikipoa, na har gow, vile vifurushi vya kamba wa baharini, zikikaa ngozi hung'ang'ania kikapu na kuchanika. Ngozi ya har gow ikiwa nzuri, unaona wekundu wa kamba kwa ndani. Vya kukaanga viagize mwisho. Chai hulipiwa kwa kichwa. Ikiisha, weka mfuniko wa birika upande, mhudumu ataelewa. Ongeza kodi ya asilimia 5, na bakshishi ya 15 hivi. Chukua dola za Kanada taslimu, maana vibanda kadhaa hupokea taslimu au kadi za benki za Kanada tu.

Hatua ya 5: Mlo wa pili. Tembeeni Aberdeen Centre na Parker Place hadi tumbo lishuke. Saa 8 hadi 11 mikahawa ya Kihong Kong huuza seti za alasiri kwa bei nafuu. Chai yao ya maziwa ni nzito, na mnywaji wa chai ya rangi iliyokolea ataipenda. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 na nusu, kwa hiyo jipange kurudi gizani.

MASWALI

Kutoka Tukwila: Shukrani, kaka. Sisi Waislamu tutakula nini?
Jibu: Dim sum ya kawaida si salama kwenu. Siu mai, vile vifurushi vya nyama, ina nguruwe, har gow mara nyingi huchanganywa mafuta ya nguruwe, na maganda ya vitamutamu vya mayai yanaweza kuwa nayo pia. Uji wa mchele nao huweza kupikwa kwa supu ya mifupa ya nguruwe. Tafuteni mgahawa wenye cheti cha halali. Wapishi wa tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou wengi hufuata desturi hiyo, lakini ulizeni.

Kutoka Kent: Nina pasipoti ya Kenya na viza ya kazi ya Marekani. Napita?
Jibu: Hapana, ndugu. Omba viza ya Kanada kwanza.

Kutoka Everett: Nirudi na mabaki na matunda?
Jibu: Vitaje vyote kwa afisa, hata biskuti. Machungwa na nyama mbichi viache huko. Kuficha chakula kunaweza kukutoza faini hadi dola 10,000. Bidhaa nyingine, kwa safari ya chini ya saa 48, zisizidi dola 200 kwa mtu ili zisitozwe ushuru.

Kutoka Lynnwood: Theluji je? Nahitaji matairi ya baridi?
Jibu: Sheria ya British Columbia ya matairi hayo ni ya barabara za milimani, si ya 99 hadi Richmond. Hatari yako ni upepo mkavu unaoshuka bonde la Fraser na kugandisha barabara kati ya Bellingham na Blaine, hata Seattle kukiwa na mvua tu. Utabiri wa hali ya hewa usome wa Bellingham. Ukitaja upepo huo pamoja na mvua, ahirisha.