Kabla Hujahamia Iowa City: Mambo ya Kuzingatia

Iowa City, mji wa jimbo la Iowa nchini Marekani, si mji mkubwa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wasiofika 75,000, na Chuo Kikuu cha Iowa, kilichoanzishwa mwaka 1847, kina wanafunzi zaidi ya 30,000. Kwa hiyo kalenda ya chuo ndiyo inayouendesha mji: kodi za nyumba, foleni za magari, bei za hoteli, hata wiki ambayo takataka zinawazidi nguvu wazoaji. Mwanafunzi huelezwa mengi na chuo chenyewe kabla hajapanda ndege. Anayekuja kufanya kazi au kumfuata ndugu hana wa kumweleza, na watu wa aina hiyo ni wengi. Wakongo wamejaa Iowa City na mji jirani wa Coralville, na si ajabu kusikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kwenye foleni moja ya kulipia sukari. Nawaandikia hao zaidi.

Anza na nyumba, tena anza mapema kuliko unavyodhani. Mikataba mingi karibu na chuo huanza tarehe za mwanzo za Agosti na kuisha mwishoni mwa Julai. Wanafunzi huanza kuzigombania nyumba za Agosti tangu Oktoba na Novemba za mwaka uliotangulia. Ukitua Juni ukategemea kuzunguka mtaani na kuulizia vyumba kama unavyofanya Sinza au Goma, utakuta zilizobaki ni za bei ya juu au zina kasoro fulani. Hakuna dalali wa kukutembeza. Kuna kampuni zinazosimamia majengo, na zinataka kuona kipato chako, historia yako ya mikopo, na mara nyingine mdhamini aliyeko Marekani. Mgeni hana historia ya mikopo, hilo wanalijua. Njoo na barua ya mwajiri, na kama umeshaanza kazi, hati zako za mshahara. Wenye nyumba wadogo, wale wenye nyumba moja au mbili wanaopokea simu wenyewe, huwa wepesi kuelewana na mtu kuliko kampuni. Ukisogea mbali na katikati ya mji, Coralville, North Liberty au upande wa kusini-mashariki, kalenda ya Agosti hulegea na nyumba hupatikana hata Februari.

Mkataba wenyewe usome tarehe zake kwa makini, ya kuanza na ya kuisha. Huu mji una balaa lake la kila mwaka: mkataba wa zamani unaisha mchana wa siku za mwisho za Julai, mpya unaanza siku moja, mbili au zaidi baadaye, kwa sababu kampuni inataka nafasi ya kusafisha na kupaka rangi. Katikati hapo wewe huna kwako. Siku hizo utaona malori ya kukodi yameegeshwa kila kona, vijana wamelala kwenye viti vya mbele, jokofu dogo limesimama peke yake kwenye majani. Mtu mwenye watoto hawezi kuishi hivyo hata usiku mmoja. Miezi miwili kabla, muulize mwenye nyumba mpya kama unaweza kuingia mapema, na akikubali akuandikie, maana neno la mdomo halitakusaidia mbele ya mfanyakazi mwingine wa kampuni hiyohiyo. Akikataa, tafuta ndugu wa kukupokea na weka nafasi ya lori mapema, kwa kuwa wiki hiyo malori huisha. Pasipoti, hati za uhamiaji, dawa na kadi za benki zisiingie kwenye lori kabisa.

Wiki hiyohiyo vitu vya bure hutapakaa kando ya barabara, na mgeni asiye na kitu ndani hushawishika. Meza, viti vya mbao, rafu za vitabu, sufuria: chukua bila haya, kila mtu anachukua. Godoro, sofa na chochote chenye kitambaa, pita kama hujakiona. Kunguni wapo huku, na hawana habari na nani amesoma. Kama sofa limekushinda kuliacha, lipindue, washa tochi ya simu, chunguza mishono yote na pembe za chini. Vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu ni kinyesi chao. Gharama ya kuwaondoa inapita bei ya sofa jipya, tena kuna mikataba inayomtwisha mpangaji gharama hiyo.

Halafu kuna pesa ya dhamana. Sheria ya Iowa hairuhusu mwenye nyumba kudai dhamana inayozidi kodi ya miezi miwili. Ukihama, ana siku 30 kukurudishia au kukuandikia sababu za kukata. Lakini siku hizo zinahesabiwa baada ya mkataba kuisha na yeye kupata anwani yako mpya, na hapo ndipo watu wengi hupoteza. Usipompa anwani ya kukutumia ndani ya mwaka mmoja, pesa inakuwa yake. Kwa hiyo siku ya kuingia piga picha kila ukuta, zulia, ndani ya jiko la kuokea na chini ya sinki, ujitumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Siku ya kutoka piga tena, na anwani mpya uitume kwa maandishi. Hali ya zulia ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi, hivyo picha za zulia ziwe nyingi.

Kama unakuja Mei au Juni, wanafunzi wanaoondoka kwa likizo hutafuta watu wa kumalizia mikataba yao, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko wanayolipa wao. Ni njia nzuri ya kupata pa kufikia huku ukitafuta pa kudumu. Hakikisha tu mwenye nyumba anajua na ameridhia, na usitume pesa kwa mtu ambaye hujauona mlango wake. Matapeli wanaijua kalenda hii kama tunavyoijua sisi.

Uliza pia joto linalipwa na nani. Nyumba yenye kodi ndogo lakini madirisha ya zamani itakurudishia bili ya gesi Januari hadi ushike kichwa. Kuna msaada wa serikali wa kulipia nishati kwa wenye kipato kidogo, unaitwa LIHEAP, na kwa waliokubaliwa Iowa haikatishi umeme wala gesi ya kupasha nyumba joto kati ya Novemba mosi na Aprili mosi. Maombi yafanywe majira ya vuli, usingoje deni lifike.

Usafiri una nafuu yake. Mabasi ya mji wa Iowa City hayatozi nauli tangu Agosti 2023, na Cambus, mabasi ya chuo yanayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, ni bure kwa kila mtu, hata asiyejua chuo kinafundisha nini. Coralville ina mabasi yake na utaratibu wake. Shida ni zamu. Hospitali ya chuo ndiyo mwajiri mkubwa, kuna kiwanda cha Procter & Gamble mjini, na wengi hufanya kazi kwenye kiwanda cha bata mzinga kule West Liberty. Kazi hizo zina zamu za usiku na za alfajiri, saa ambazo basi halipo. Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, jua zamu yako na uiweke pamoja na ratiba ya basi, ikiwemo ya Jumapili. Kama havilingani, hesabu gari kwenye bajeti au tafuta mwenzako wa zamu mwenye gari mkubaliane mafuta.

Jumamosi za vuli zinahitaji aya yake. Uwanja wa Kinnick unaingiza watu kama 69,000, karibu sawa na mji mzima, na Hawkeyes, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, wakicheza nyumbani mji unageuka. Kuanzia alfajiri watu waliovaa nyeusi na dhahabu wanachoma nyama kwenye maegesho, barabara ya Melrose inasongwa, na wenye nyumba jirani wanauza nafasi za kuegesha kwenye bustani zao. Uwanja na hospitali vinatazamana. Ukiwa na zamu, au mgonjwa wa kumwona, au mke aliyekaribia kujifungua, lazima uijue ratiba ya mechi hata kama mchezo wenyewe hukuuelewa na hutaki kuuelewa. Chapisha tarehe za mechi za nyumbani, ubandike kwenye jokofu, upange njia ya kufika bila kupita Melrose. Kama umepata nafasi ya kuingia, subiri robo ya kwanza iishe. Tangu mwaka 2017 uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa kwenye ghorofa za juu za hospitali ya watoto upande wa pili wa barabara, na watoto wanapunga kutoka madirishani. Mimi si mtu wa mpira huo, lakini kwa hilo nasimama.

Koti zito usihangaike kulinunua nyumbani. Mitumba tunayoifungua kule inaanzia huku, na maduka kama Goodwill na Crowded Closet huwa na makoti mazuri kwa bei ya kawaida kabisa, hasa ukienda Septemba kabla wenzako hawajashtuka. Hela yako iweke kwenye buti na soksi za sufu, maana buti za mitumba soli zake zimeshalainika na barafu haisamehi. Nguo za ndani ndefu zinasaidia kuliko koti la pili. Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilizidi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri na chuo kikafuta masomo, jambo ambalo hakifanyi kwa urahisi. Siku za namna hiyo mtoto anayesubiri basi la shule bila glavu huumia ndani ya dakika chache.

Ukipanga nyumba nzima badala ya fleti, soma mkataba uone ni nani anayefyeka theluji njiani mbele ya nyumba. Mji unataka njia ya waenda kwa miguu isafishwe ndani ya saa 24 baada ya theluji kukatika. Nunua beleshi na chumvi ya barafu Novemba. Mwenye gari ajue kuwa mji ukitangaza dharura ya theluji, magari huegeshwa upande wa nyumba zenye namba witiri siku za tarehe witiri na upande wa namba shufwa siku za tarehe shufwa, ili malori ya kusukuma theluji yapite. Gari lililokosea hukokotwa, na kulikomboa ni hela. Jiandikishe upate tangazo kwenye simu, maana mvua ya theluji mara nyingi huja usiku na ving'ora havilii kwa ajili yake.

Ving'ora ni vya tornado, kile kimbunga cha upepo unaozunguka. Utavisikia vikijaribiwa mara moja kwa mwezi, mchana kweupe, na mara ya kwanza utakimbia. Waambie watoto mapema. Lakini ving'ora vimewekwa kwa ajili ya walioko nje. Ukiwa umelala na madirisha yamefungwa huenda usisikie kitu, kwa hiyo tahadhari za simu ziachwe wazi. Jioni ya Alhamisi Kuu, tarehe 13 Aprili 2006, tornado ilipita katikati ya mji na kuliharibu kanisa la St. Patrick kiasi cha kubomolewa. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali wa derecho uliifagia Iowa, na watu wengi wa huku na wa mji wa jirani wa Cedar Rapids walikaa siku kadhaa bila umeme. Siku ya kwanza kwenye nyumba yako tafuta mahali pa chini kabisa pasipo na dirisha: besimenti (chumba cha chini ya ardhi), bafu la ndani, chini ya ngazi. Fleti nyingi mpya hazina besimenti, uliza wenzako wa ghorofa ya chini. Anayeishi kwenye nyumba ya trela lazima awe na jengo imara la kukimbilia, kwani trela haikingi kitu. Weka maji ya kunywa, tochi, chaji ya akiba na chakula kisichohitaji kupikwa.

Mto Iowa unapita katikati ya chuo, na Juni 2008 ulifurika hadi ukumbi wa Hancher ukaharibika. Mpya ulifunguliwa mwaka 2016, mahali palipoinuka zaidi. Nyumba ikiwa karibu na mto na bei imekuwa tamu mno, uliza maji yalifika wapi mwaka huo. Bima ya mpangaji kwa kawaida hailipi mafuriko.

Hospitalini na shuleni omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako na hulipii, na ukiwa unazungumza Kiswahili cha Kongo sema hivyo ili wakutafutie anayekuelewa. Usimtumie mtoto wako wa darasa la tano kutafsiri habari za uzazi au deni. Kirkwood Community College hufundisha watu wazima Kiingereza, na maktaba ya mji iliyo katikati haimwulizi mtu anayeingia kuota joto anasoma nini. Kwa shule za watoto utaulizwa uthibitisho wa unapoishi na rekodi za chanjo. Kadi za kliniki zikiwa zimefifia au zimeandikwa kwa mkono, zipige picha kabla ya safari na zibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu mtoto asiye na rekodi huishia kuchanjwa upya.